Empayema: Nimonia Inapoacha Usaha Kifuani

Madhara ya nimonia ya bakteria ni matatizo yanayozuka pale maambukizi yaliyoanzia kwenye vifuko vya hewa yanapovuka eneo hilo, au yanapoliharibu pafu kiasi cha kulizuia lisifanye kazi yake. Bakteria wakiingia kwenye damu, mgonjwa anaweza kupata sepsisi, ambapo shinikizo la damu hushuka na figo huanza kushindwa kazi. Wakifika kwenye utando wa ubongo, huleta homa ya uti wa mgongo. Moyo nao hausalimiki, kwa kuwa wazee na wenye maradhi ya moyo wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata mshtuko wa moyo katika siku za mwanzo za nimonia kali. Hayo huja kwa kishindo na kwa kawaida hutambuliwa upesi. Lipo dhara jingine linalojijenga polepole, na kwa maoni yangu ndilo linalocheleweshwa zaidi kutibiwa: usaha unaojikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua, ambao madaktari huuita empayema.

Pafu limefunikwa na utando wenye tabaka mbili, moja likiwa limeshikamana na pafu lenyewe na jingine na upande wa ndani wa mbavu. Kati ya tabaka hizo huwa kuna mililita chache tu za majimaji, zinazoziwezesha kuteleza kila mtu anapovuta pumzi. Nimonia ikiwa karibu na ukingo wa pafu, utando huo huvimba, jambo linaloleta kile kichomi kinachomfanya mgonjwa akatishe pumzi katikati, na mishipa yake midogo huvujisha maji. Maji ya namna hii si jambo la ajabu, kwani huweza kuonekana kwa hadi wagonjwa wanne kati ya kumi wanaolazwa kwa nimonia, na mara nyingi hukauka yenyewe kadiri dawa inavyofanya kazi. Hatari huanza bakteria wanapoingia ndani ya maji hayo. Hapo sukari iliyomo huliwa, asidi huongezeka, maji huwa mazito, na nyuzi za fibrini, protini inayogandisha damu, huyagawa katika vyumba vidogo vidogo. Yakiachwa kwa wiki kadhaa, nyuzi hizo hukomaa kuwa ganda gumu linalolibana pafu lisiweze kutanuka tena, mithili ya chungwa lililokauka ndani ya ganda lake.

Dalili inayopaswa kumshtua anayemuuguza mgonjwa ni homa isiyoshuka baada ya siku mbili au tatu za dawa sahihi, au homa iliyoshuka kisha ikarudi. Ni kawaida katika hali hiyo kuona mgonjwa akibadilishiwa antibayotiki moja baada ya nyingine, ilhali tatizo huenda si aina ya dawa bali ni mahali vijidudu vilipo. Usaha hauna mishipa ya damu ya kuufikishia dawa ya kutosha, na bakteria wengi waliomo hawagawanyiki kwa kasi, hivyo dawa nyingi hupungua makali. Jipu la ndani ya pafu ni tofauti: mara nyingi hupasukia kwenye njia ya hewa, mgonjwa akakohoa makohozi mengi yenye harufu mbaya, na hupona kwa wiki kadhaa za dawa bila kisu. Usaha wa empayema hauna mlango wa kutokea, kwa hiyo ni lazima utolewe.

Daktari akigonga mgongo kwa vidole, upande wenye usaha hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi. Eksirei huonyesha weupe chini ya kifua, lakini altrasaundi ndiyo inayoonyesha vyumba vilivyojitenga na mahali salama pa kuchoma sindano. Maji yakitoka na rangi ya usaha, uamuzi umekwisha. Yakiwa bado mepesi lakini pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapoongezeka, iko chini ya 7.2, nayo huhitaji kutolewa. Katika nchi zetu ni lazima pia kupima kifua kikuu, ambacho hujaza maji mahali hapohapo.

Usaha hutolewa kwa mpira unaopitishwa kati ya mbavu, kwa ganzi, hadi kwenye chupa yenye maji inayowekwa chini ya usawa wa kifua. Maji ndani ya mrija wa chupa hiyo hupanda mgonjwa anapovuta pumzi na kushuka anapoitoa. Yakitulia, ama mpira umeziba, ama pafu limetanuka kabisa. Umuhimu wa chupa hiyo ulijulikana kwa gharama kubwa. Mwaka 1918, katika kambi za jeshi la Marekani, madaktari walikuwa wakifungua kifua mapema na kukata kipande cha ubavu, hewa ikaingia na pafu likasinyaa, na katika baadhi ya kambi takriban asilimia 30 ya wagonjwa walifariki. Tume aliyokuwamo daktari wa upasuaji Evarts Graham ilisisitiza usaha utolewe kwa njia iliyofungwa isiyoruhusu hewa kuingia, na vifo vikapungua sana.

Vyumba vikizidi, dawa mbili huweza kupitishwa kwenye mpira kwa pamoja, moja ya kuyeyusha fibrini na nyingine ya kulainisha usaha. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kila moja peke yake haikusaidia. Ganda likishakomaa, hubaki upasuaji wa kulibandua.

Watoto wengi hupona vizuri, na eksirei yao hurudi kuwa ya kawaida baada ya miezi michache. Chanjo ya nyumokokasi, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2013, huwakinga dhidi ya aina kadhaa za bakteria huyo, anayeongoza kwa kuleta nimonia hii. Mvutaji sigara aliyevuka miaka 50 hupigwa eksirei nyingine baada ya wiki sita hivi, kwa sababu wakati mwingine nimonia yenyewe huwa imesababishwa na uvimbe wa saratani ulioziba njia ya hewa.