Mlonge na antioksidanti: maswali ya wanunuzi wa Dodoma

Unga wa majani ya mlonge unauzwa sana Dodoma, na wauzaji husema umejaa antioksidanti. Haya ndiyo watu wanayouliza.

Antioksidanti ni nini?

Ni kemikali zinazotuliza chembe huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake. Mwili wenyewe hutengeneza chembe huru hizo kila siku, na moshi wa sigara huziongeza. Zikizidi, huharibu seli.

Maabara inajuaje kwamba antioksidanti zimo kwenye jani?

Majani hukaushwa kivulini, husagwa, kisha hulowekwa kwenye ethanoli na maji, kama unavyoloweka majani ya chai. Yakishachujwa, ethanoli huondolewa kwa joto dogo, nyuzi 40 hivi, maana moto mkali huharibu kile kile kinachotafutwa. Hubaki uji mzito wa kijani wenye kemikali chungu nzima. Huo humiminwa kwenye bomba la kioo lililojaa unga wa silika, na kila kemikali hushuka kwa mwendo wake, rangi zikiachana mstari kwa mstari. Mrusi Mikhail Tswett ndiye aliyeanza kutenganisha rangi za majani hivi, mwanzoni mwa karne ya 20.

Kila fungu hujaribiwa kwa DPPH, kemikali ya zambarau. Penye antioksidanti, zambarau hufifia ikawa njano mbele ya macho yako! Mwisho mashine hupima uzito wa molekuli na jinsi atomi zilivyoungana. Hapo ndipo jina hupatikana. Kwenye mlonge hupatikana kwasetini na asidi ya klorojeni, miongoni mwa nyingine.

Basi unga wa mlonge unatibu kisukari?

Hapana, na wanaosema hivyo wanahatarisha watu. Rangi kubadilika ndani ya kichupa si ugonjwa kupona mwilini. Kwasetini yenyewe utumbo huifyonza kidogo tu. Usiache dawa ulizoandikiwa. Kama unatumia za sukari au presha, mwambie daktari kabla ya kuanza unga huu, kwani vikichanganyika vinaweza kushusha sukari au presha kupita kiasi. Mjamzito asitumie mizizi wala magome.

Nikaushe vipi nyumbani?

Usianike juu ya bati. Jua letu kali hula vitamini C na karotini. Osha majani, yatandaze kwenye kitambaa safi ndani, penye upepo, uyageuze. Yakivunjika mkononi yakiwa bado ya kijani, saga na funika vizuri. Mlenda na majani ya mbuyu ya kuweka akiba ya kiangazi yanataka kivuli hicho hicho.