Takwimu za vikosi huharibikia kaunta

Taarifa ya kazi ya mwezi ya polisi au kikosi cha doria ikija na mashaka, wa kwanza kulaumiwa ni kompyuta. Sisi tunaohakiki takwimu hizi aghalabu hukuta kosa limeshaingia zamani, pale askari wa zamu alipoinamia kitabu cha kuandikia matukio.

Tuchukue mfano wa msimu wa karafuu Pemba. Tuseme usiku, kwenye bandari bubu upande wa Micheweni, gunia sita za karafuu za magendo zinakamatwa na kikosi cha doria. Kwenye kitabu cha doria panaandikwa "gunia sita". Mwengine anazipima, anaandika kilo 240. Hakuna aliyeandika kama ni mbichi au kavu, na karafuu mbichi ikianikwa hubakia kama theluthi moja tu ya uzito wake, kwa hivyo kilo 240 mbichi ni kama 80 kavu. Asubuhi mzigo unakabidhiwa kituo cha polisi, nao wanauingiza kwenye kitabu chao kama ukamataji. Mwisho wa mwezi anayejumlisha taarifa za mkoa anapata kilo 480. Hapo hakuna aliyedanganya.

Dawa yake haina gharama kubwa. Aliyekamata ndiye atoe namba ya tukio, na namba hiyo iufuate mzigo hadi mahakamani. Anayekabidhiwa aandike kwamba amepokea, asiandike kwamba amekamata. Uzito uandikwe kwa kilo pamoja na hali ya mzigo, maana gunia si kipimo.

Lipo pia suala la nini hasa kinahesabiwa. Vijana watatu wakiwapora watu wawili, hilo ni tukio moja, watuhumiwa 3 na waathirika 2. Polisi wakitoa idadi ya matukio, kituo cha Mkono kwa Mkono (kinachowahudumia waathirika wa udhalilishaji) kikatoa ya waathirika waliohudumiwa, na mahakama ikatoa ya mashauri, namba zitatofautiana tu, na hiyo peke yake si dalili ya uongo. Kulinganisha mikoa nako kunataka kugawanya kwa idadi ya watu. Kwa sensa ya 2022 Mjini Magharibi ina watu 893,169 na Kusini Unguja 195,873, basi tutazame matukio kwa kila watu 100,000. (Hata hapo tuwe na tahadhari: wageni wa mahoteli ya Paje na Jambiani, huko Kusini Unguja, huongezeka na kupungua kwa msimu.)

Lakini kwa maoni yangu adui mkubwa wa takwimu sahihi ni karipio. Mkuu wa kituo akigombezwa kila mwezi kwa nini matukio yamepanda, baada ya muda yatashuka, tena yatashuka kitabuni tu. Si jambo la kwetu peke yetu. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi wa England na Wales waligundua kwamba karibu makosa 19 katika kila 100 yaliyoripotiwa polisi hayakuandikwa kama jinai. Kwa makosa ya kujamiiana yalikuwa 26. Mapema mwaka huohuo takwimu hizo za polisi zilikuwa zimeshavuliwa hadhi ya Takwimu za Taifa, yaani alama ya takwimu rasmi zinazoaminika.

Kwetu hili lina uzito zaidi kwenye kesi za udhalilishaji wa kijinsia, ambako muhali (kuoneana haya) huwafanya wengi wayamalize kifamilia. Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi likiaminika, wanaoripoti huongezeka, na namba hupanda bila ya lazima udhalilishaji wenyewe kuzidi. Kituo cha namna hiyo kinastahili pongezi. Kazi yake ipimwe kwa mengine: majalada mangapi yamefika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, yamechukua siku ngapi, mangapi yamefungwa na kwa sababu gani.

Uhakiki nao usifanywe kwa kutoa miadi. Chagua majalada kwa bahati nasibu kitabuni, uyatafute kwenye mfumo. Kisha chagua mengine kwenye mfumo, uyatafute kitabuni, maana njia moja haitoshi: ya kwanza hufichua yaliyoachwa, ya pili yaliyozuliwa. Wapigie simu baadhi ya walalamikaji, uwaulize walichoripoti.

Nawe mwananchi, unaporipoti taja shehia na tarehe tukio lilipotokea, si ile uliyofika kituoni pekee, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ukiambiwa "nenda, tutalishughulikia" bila ya namba, muombe mkuu wa kituo liandikwe ukiwa hapohapo.