Mizania ikikataa kubalansi, iache

Juzi tena. Saa nne na nusu usiku simu inaita, mwanafunzi wangu wa darasa la jioni, sauti kama ya mtu aliyefiwa: "Mwalimu shikamoo, samahani kwa usiku. Mizania imekataa. Tofauti 4,500,000, naitafuta tangu saa mbili."

Yaani pande mbili za mizania, mali huku, madeni na mtaji kule, hazilingani. Muda wa saa mbili na nusu umepotea! Huyu ana mitihani ya CPA, ile ya uhasibu ya bodi ya wahasibu NBAA, Novemba. Mchana yuko ofisini. Tarehe 7 PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya ufundi stadi), tarehe 20 ritani ya VAT inammeza mzima. Kwa wiki anaambulia saa kumi za kusoma, na robo yake ameimalizia kumsaka mwizi mmoja ndani ya swali moja.

Nani aliwaambia kwamba mizania isipobalansi umefeli? Kila muhula naikuta imani hii, na wanaoishikilia sana ni wale wenye muda mdogo kuliko wote.

Alama zimekaa kwenye hesabu za pembeni, zile unazofanya kabla ya kuijaza mizania. Kwenye swali la kampuni mama na tanzu, gudwili (ziada iliyolipwa kununua kampuni) ina zake, faida ambayo haijapatikana kwenye stoku ina zake, maslahi ya wanahisa wachache yana zake. Ukikosea moja kisha ukaipeleka hiyo hiyo sawasawa kwenye mizania, kosa ni moja, huadhibiwi mara mbili. Ila hesabu za pembeni zionekane. Tarakimu iliyodondoka kutoka mbinguni haina wa kuitetea.

Halafu, kubalansi kunathibitisha nini? Chukua mashine ya 80,000,000, uchakavu asilimia 20. Sahau kabisa kuweka ile 16,000,000. Faida imezidi 16,000,000, mali imezidi 16,000,000, na mizania imelala raha mstarehe. Sahau mauzo ya mkopo: wadaiwa pungufu, faida pungufu, bado inabalansi. Debiti na krediti zikikosekana pamoja hakuna kengele inayolia. Tulifundishwa haya kwenye urari (orodha ya debiti na krediti zote), mwaka wa kwanza kabisa, halafu tukifika ngazi ya juu tunayasahau.

Mtihani wa saa tatu ni dakika 180 kwa alama 100, yaani dakika 1.8 kwa alama. Swali la alama 20 lina dakika 36, basi. Dakika 20 za kusaka tofauti ni kama alama 11 za swali la mwisho, tena zile rahisi za mwanzoni: kichwa cha taarifa, fomati, tarakimu za kunakili tu.

Mimi natoa dakika mbili. Gawa tofauti kwa mbili, uone kama kuna kiasi hicho ulichokiweka upande usio wake. Gawa kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, huenda umegeuza tarakimu. Usipoipata, andika jumla zako kama zilivyo na uhame. Usitie saspensi ya kubuni, akaunti ya muda ya kuziba tofauti.



Kinachonisumbua ni kwamba ofisini siwezi kuthubutu. Nikimpelekea bosi mizania isiyobalansi ananirudishia kabla sijakaa. Kwa hiyo kila Mei na Novemba nafundisha watu tabia ambayo Jumatatu ningewagombeza kwayo, na kuna siku najiuliza kama natengeneza wahasibu au watahiniwa. Jibu sijalipata, na ada nimeshapokea.

Yule wa usiku nilimuuliza 4,500,000 gawa kwa tisa ni ngapi. Kimya. "Laki tano, Mwalimu." Akarudi kwenye wadaiwa: swali linasema 2,700,000, yeye kaandika 7,200,000. Asubuhi akanitumia picha WhatsApp, IMEBALANSI kwa herufi kubwa na vikofi vitatu.

Nikaikuza picha. Mstari wa mitambo ulikuwa na bei ya kununulia vile vile, uchakavu wa mwaka haumo.