Cheti cha daktari si ruhusa ya kushindana

“Dokta, hii nimeandikiwa hospitali, siyo dawa za kuongeza nguvu.” Msimu wa mbio na mapambano ukifika, maneno haya nayasikia dirishani kwa duka langu la dawa hapa Kariakoo, leo kwa mkimbiaji, kesho kwa bondia. Yananiumiza kwa sababu anayeyasema anaamini kabisa, na ndiye atakayefungiwa.

Cheti kinakuruhusu kuuziwa dawa. Hakikuruhusu kushindana ikiwa mwilini. Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, ziko wazi: kilichokutwa kwenye sampuli yako ni chako, hata kama aliyekupa ni daktari, kocha au mama yako mzazi. Sydney mwaka 2000, Andreea Răducan wa Romania, binti wa miaka 16, alinyang'anywa dhahabu ya jimnastiki kwa kidonge cha mafua chenye pseudoefedrini. Alipewa na daktari wa timu yake. Alikata rufaa, akashindwa.

Na zinazowanasa watu si dawa za ajabu. Prednisoloni ya vidonge, dawa ya kundi la glukokotikoidi ambayo hapa mjini huandikwa kwa pumu na mzio kila siku, ni marufuku wakati wa mashindano. Sindano za kundi hilo, hata ile ya kuchomwa gotini, ni marufuku wakati wa mashindano tangu 2022. Diana Kipyokei wa Kenya alivuliwa ushindi wa Boston Marathon wa 2021 kwa triamsinoloni, dawa ya kundi hilohilo. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, iliongezwa kwenye orodha ya marufuku wakati wa mashindano Januari 2024. Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, ambayo mabondia wanaiulizia ili wapunguze uzito kabla ya kupima, ni marufuku mwaka mzima, kuna pambano au hakuna. Hiyo siwauzii, na mwenye cheti namuuliza maswali mpaka achoke: kupanda ulingoni mwili umekauka maji ni kuhatarisha moyo na figo.

Salbutamoli, dawa ya pumu ya kufungua kifua, ndiyo inayonisumbua zaidi. Ya kuvuta kwa pampu inaruhusiwa, mwisho mikrogramu 1,600 kwa saa 24, na zisizidi 600 ndani ya saa nane zozote. Kwa pampu inayotoa mikrogramu 100 kila mvuto, hizo 600 ni mivuto sita. Lakini ya vidonge au ya maji ya kunywa hairuhusiwi kabisa, na dawa nyingi za kifua za chupa zinayo. Geuza chupa, soma viambato. Jina kubwa la mbele halikuambii kitu.

Mgonjwa wa kweli hanyimwi tiba. Kuna kibali cha matumizi ya dawa kwa tiba: daktari anajaza fomu, anaambatanisha vipimo, unaomba kabla ya kushindana. Ikiwa ni dharura, unatibiwa kwanza, kibali kinaombwa baadaye. Mimi huwaambia wadogo zangu hawa: ukiingia tu kwa daktari, neno la kwanza liwe “mimi ni mwanamichezo”, na boksi la dawa usilitupe.

“Dripu ni maji tu.” Dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa, hata kama ni maji ya chumvi, isipokuwa umewekewa katika matibabu halali ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Ile ya kutundikiwa zahanati kwa sababu ya uchovu, siku moja kabla ya mbio, haimo humo.

“Za asili hazina shida.” Unga wa mitishamba usio na lebo unaweza kuwa umechanganywa na steroidi au efedrini, nawe huna namna ya kujua. Achana nao.

“Wanapimwa washindi tu.” Hapana. Unaweza kufuatwa hata nyumbani, mazoezini, na sampuli ikatunzwa hadi miaka 10.

Wengine nao wameogopa kupita kiasi, wanakaa na malaria wakisubiri mbio ziishe. Dawa ya mseto haimo kwenye orodha, wala paracetamoli, wala diklofenaki, wala kahawa. Ukipimwa ukakutwa na malaria, meza mseto leo na umalize dozi.