Ekranoplani na Ziwa Letu: Jamani, Ile Video Nimeshaiona

Imekuja tena. Safari hii imetua kwenye grupu la WhatsApp la watu wa bandari, watu ambao nilitegemea wajue uzito ni nini na kuelea ni nini. Ni video ile ile ya ekranoplani, dude la Kirusi lenye mabawa mafupi linalopaa chini chini karibu na maji, likichana juu ya Bahari ya Kaspi, na chini yake maneno yale yale: "Hii ingetufikisha Bukoba kwa nusu saa, wakubwa wakaiua kwa sababu ingevunja biashara za watu."

Hiyo nusu saa siibishii. Mwanza hadi Bukoba, kuvuka Ziwa Victoria, ni kama kilomita 180 kwa mstari ulionyooka, na dude lile lilizidi kilomita 400 kwa saa. Ugomvi wangu uko kwenye hayo mengine.

Historia nitaipitia haraka. Rostislav Alekseyev, aliyekwisha kujijengea jina kwa boti za haidrofoili, zile zinazonyanyuliwa na mabawa ya chini ya maji, aliitoa ekranoplani iitwayo KM mwaka 1966. Ilikuwa na urefu wa mita 92. Nyie mliopanda chelezo pale Mwanza Kusini mnakijua kipimo hicho: ni karibu sawasawa na meli ile tuliyoiita MV Mwanza Hapa Kazi Tu. Yetu imeundwa kwa abiria 1,200 na magari. Ile ilibeba injini kumi. Ikafuata Orlyonok ya kupeleka askari ufukweni, kisha Lun iliyoingia jeshini mwaka 1987 na makombora sita ya Moskit mgongoni. Lun ya pili waliigeuza iwe chombo cha uokoaji, wakaiita Spasatel, na haikumaliziwa. Wamarekani nao walichora Pelican ya Boeing, ikabaki karatasini.

Siasa zilikuwepo, sikatai. Mlezi wa mradi, Waziri wa Ulinzi Ustinov, alifariki mwaka 1984 na fedha zikakauka. Alekseyev mwenyewe alikuwa ameshashushwa cheo baada ya Orlyonok kukatika mkia kwenye jaribio. Lakini tangu Umoja wa Kisovyeti uvunjike, fikra ile imepita kwenye mikono ya Wachina, Wajerumani, Wakorea na Wamarekani, na wote wanapenda pesa. Wote wamejaribu. Wamepata vyombo vidogo vya watu wachache. Hebu niambieni, huyo mkubwa anayewazuia wote hao ni nani?

Sasa tufike panaponiudhi. Watu wanaamini kwamba chombo kikipaa karibu na maji, hewa inayobanwa chini ya bawa inakibeba bure. Kikishakuwa juu, ni kweli kabisa: ukinzani unapungua na mafuta unaokoa. Tatizo ni kufika huko juu. Anayeendesha boti ya faiba anaijua hali hii. Ukipakia kupita kiasi, pua inanyanyuka, injini inalia, na boti haitoki. Ukinzani wa maji unapanda hadi kilele kabla chombo hakijaanza kuteleza, na usipokuwa na nguvu ya kukivuka kilele hicho utabaki hapo unaunguza mafuta. Ndiyo maana kati ya injini kumi za KM, nane zilipangwa mbele, nyuma ya chumba cha marubani, zikipuliza hewa chini ya mabawa ili kuling'oa dude majini. Likishang'oka, kazi ya nane hizo imekwisha, ila uzito wake unaendelea kusafiri nao. Hiyo nguvu ya bure, jamani, iko wapi?

Halafu Kaspi iko kama mita 29 chini ya usawa wa bahari. Sisi tuko mita 1,134 juu. Hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 10, na jua la saa nane mchana linaizidishia wepesi. Msukumo wa injini unashuka karibu kwa kiasi hicho hicho, na kasi ya kunyanyuka inapanda kama asilimia 5. Maji hayakuhurumii: ukinzani wake uko pale pale.

Na kona je? Lun ilikuwa na mabawa ya mita 44 kutoka ncha hadi ncha, na ilitembea mita 5 au pungufu juu ya maji. Ilaze digrii 15 tu, ncha ya bawa inashuka karibu mita 6. Umeshachota maji. Kwa hiyo unapanda kwanza, na ule mto wa hewa iliyobanwa chini ya bawa unaupoteza, au unakata kona kwa usukani bila kulala, na kona inazidi kuwa pana. Hata ukipewa hizo digrii 15 kwa kilomita 400 kwa saa, nusu kipenyo cha kona yako ni karibu kilomita 4.7. Ghuba yetu, pale lilipo daraja la Kigongo–Busisi, ina kama kilomita 3. Na mbele yako kuna mitumbwi ya dagaa, nyavu, na magugu maji ambayo jana hayakuwa hapo.

"Basi tuunde dogo, Injinia." Ndiyo jibu ninalopewa kila mara. Lakini faida ya kupaa chini inategemea kimo ukilinganisha na upana wa bawa kutoka mbele hadi nyuma. Bawa dogo linataka uligande maji kabisa, na mawimbi ya ziwa hili ni mafupi na yanasimama wima upepo ukikaza. Ukitaka kuyaruka unahitaji bawa kubwa, na hapo tumerudi kwenye injini nane.

Sasa niseme ambalo vitabu hulipita kimyakimya: hesabu zetu za kishindo cha wimbi kwenye kitako cha chombo kinachokwenda kasi hivyo si za kuapia. Modeli ya kwenye tangi hukupa namba, halafu unaipandisha kwa kanuni za vipimo, halafu unaongeza unene wa bati kwa woga wa fundi. Siku ziwa likiwa shwari, chombo cha watu wanane kati ya Mwanza na Nansio kinaweza kutembea vizuri tu. Mimi mwenyewe ningekipanda. Ratiba ya abiria nisingeiandika.

Wale wanaosema rada haikioni ninao pia. Chombo kinachopita chini kinajificha kwa meli iliyo mbali, kwa sababu ya mpindo wa dunia. Ndege iliyo juu inakiona pamoja na mkia wake wa povu.

Na kama bado una mchoro, anza na karatasi. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, linavigawa vyombo hivi katika aina tatu. Kisichoweza kuondoka kwenye mto wa hewa kinasimamiwa kama meli. Kinachoweza kupanda kwa muda hadi mita 150 nacho ni meli, ila wakati wa mruko huo kinafuata sheria za anga. Kinachozidi hapo ni ndege. Kwa hiyo jua kwanza kama faili lako linakwenda TASAC wanaosimamia meli, TCAA wanaosimamia anga, au kote kuwili, na upande wa ndani wa jalada uandike uzito halisi wa chombo kikiwa na mafuta. Video usiniambatanishie.