Damu ya mzazi ipimwe, tuache kukadiria kwa macho

Mimi ni mkunga, na kinachoniuma kuliko vyote kwenye kazi hii ni mama kufa kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, maana mara nyingi kinazuilika kabisa. Angalia Nijeria. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yanaonyesha mwaka 2020 wanawake kama 82,000 walikufa huko kwa sababu za ujauzito na uzazi, zaidi ya robo ya vifo vyote vya aina hiyo duniani, nchi moja tu jamani!

Watu wakisikia hivyo wanasema wanawake wa kule wanazalia nyumbani. Ni kweli, hasa kaskazini, lakini hata aliyefika hospitali anaweza kufa nesi yuko pembeni yake, kwa sababu damu tunaikadiria kwa macho. Inaingia kwenye kitenge, kwenye pamba, kwenye shuka, nyingine iko sakafuni, na nesi mwenyewe ana wazazi watatu kwa wakati mmoja, anatupia jicho anaona siyo nyingi, kumbe imeshapita nusu lita.

Ndo maana matokeo ya E-MOTIVE, utafiti wa kupima damu ya mzazi na kumtibu haraka, yalipotoka 2023 nilifurahi sana. Ulifanyika hospitali 80 za Nijeria, Kenya, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, wazazi zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Mama anawekewa chini ya makalio mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, damu inashukia humo, unasoma. Ikifika kiwango cha hatari hamna kusubiri wala kujaribu kimoja kimoja, vyote vinaenda pamoja: kukanda mji wa mimba, oksitosini ya kubana mji wa mimba, traneksamiki asidi ya kusaidia damu igande, dripu, na kukagua kama amechanika au kondo la nyuma limebaki. Kwenye hospitali zilizotumia utaratibu huu asilimia 93 ya waliokuwa wanavuja damu walitambuliwa, kwingine 51 tu. Kuvuja lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kufa kwa damu, ukivijumlisha vilipungua kwa asilimia 60.

Ila mfuko peke yake hautoshi. Oksitosini inatakiwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na kwenye zahanati ambayo umeme unakatika kila siku unaweza kumchoma mama sindano ambayo imeshapoteza nguvu bila wewe kujua. Kuna kabetosini, dawa inayofanya kazi kama hiyo na inayovumilia joto, lakini hiyo ni ya kuzuia damu isianze kumwagika, siyo ya kutibu ikishaanza.

Halafu kuna upungufu wa damu wakati wa mimba, na Nijeria ndiyo yenye malaria nyingi kuliko nchi yoyote, na malaria inapunguza damu, kwa hiyo mama anaingia leba damu yake iko chini tayari, kile ambacho mwenzake angekivumilia yeye kinamuangusha. Mtoto naye anazaliwa na uzito mdogo. Vidonge vya madini chuma, SP (vidonge vya kukinga malaria) kliniki, chandarua, hivyo navihesabu kuwa ni matibabu ya damu kabisa, vinatakiwa vianze miezi mingi kabla ya leba.

Na pesa. Familia nyingi kule zinalipa kutoka mfukoni, mume anatafuta hela ya damu ya kumwongezea na mtu wa kuchangia huku mkewe anavuja. Kwa mimi damu ya kumwongezea mzazi ingekuwa bure, itolewe kwanza, karatasi baadaye.