Intaneti Haikumuua Mwandishi

Wapo wanaoamini kwamba tangu maandishi yahamie kwenye intaneti mwandishi amekufa, na kwamba kinachosomwa kwenye skrini hakina mwenyewe. Dhana hiyo inakosea kwanza katika historia. Mwandishi kama mtu mmoja anayemiliki matini yake kisheria ni wazo changa: sheria ya Uingereza ya mwaka 1710 ilimpa mwandishi wa kitabu kipya haki ya pekee ya kukichapisha kwa miaka 14, iliyoweza kuongezwa mara moja akiwa bado hai, ilhali katika enzi za miswada iliyonakiliwa kwa mkono wanakili wengi walipunguza na kuongeza maneno bila kuacha jina. Sasa fungua makala yoyote ya Wikipedia utazame historia yake: utaona ni akaunti ipi iliyobadili neno gani, siku gani, hata dakika gani. Kazi ya mikono mingi, ambayo zamani ilifichika, leo inasomeka waziwazi, na kwangu hiyo ni heshima kubwa kwa uandishi. Wala haki haijafutika. Katika nchi zinazofuata Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, shairi jipya lililowekwa mtandaoni hulindwa bila kusajiliwa, hata likisambazwa mara elfu bila jina la mtunzi wake.